Ua uliokuwa na bwawa: kazi ya kufanya kabla ya kuchonga mteremko

Kasoro ya ua uliofukiwa bwawa la kuogelea haionekani siku mashine zinapoondoka. Siku hiyo kila kitu kinapendeza: udongo umepigwa reki, kamba zimenyooka, mwenye nyumba anatembea juu yake bila kuchafua viatu. Kasoro huja na mvua za msimu wa kwanza, na mara nyingi hujichora kwa umbo lilelile la bwawa, ukingo kwa ukingo, hadi ngazi za kushukia. Ndani ya mchoro huo maji yanasimama siku mbili baada ya kwingine kukauka, na nyasi zinaanza kuoza kwenye mizizi. Anayeitwa kurekebisha huleta roli moja la udongo, akajaza bonde na kuondoka. Mwaka unaofuata bonde limerudi.

Tulichojifunza kwenye kazi hizi ni kwamba mteremko wa juu hauwezi kudumu kuliko kilichoko chini yake. Kwa hiyo maandalizi tunayoyaeleza hapa yanaanzia mita 2 chini ya nyasi, na swali linaloyaongoza ni moja tangu mwanzo hadi mwisho: maji yatapita wapi?

Tuseme jambo moja kuhusu neno lenyewe. Watu wengi huiita kazi hii kusawazisha, na neno hilo limewaponza mafundi wengi, kwa sababu mteja akisikia kusawazisha anataraji ardhi bapa kama meza. Ua bapa ni ua unaohifadhi maji. Tunachokifanya ni kuipa ardhi mteremko mdogo ambao jicho halitauona lakini maji yatauhisi.

Kwanza ujue kimezikwa nini

Mara nyingi anayebomoa bwawa siye anayekuja kuchonga mteremko. Ukikuta shimo limeshafukiwa, usikubali maelezo ya mdomo peke yake. Kuna njia mbili za kuondoa bwawa la kuchimbiwa, na zinaacha ardhi zenye tabia tofauti kabisa.

Njia ya kwanza ni kutoa kila kitu: zege, nondo, mabomba, vigae, taa. Shimo linabaki udongo mtupu, na likijazwa vizuri linaweza kurudi kuwa ardhi ya kawaida. Njia ya pili ni kuondoa nusu: kuta zinavunjwa sehemu ya juu tu, sakafu inatobolewa, kifusi kinatupwa ndani na udongo unawekwa juu. Ni rahisi na ya haraka, na kwa bustani ya nyasi inaweza kufaa. Lakini ardhi hiyo haifai kubeba jengo, na sehemu nyingi sheria inamtaka mwenye nyumba amtajie mnunuzi kwamba kuna bwawa chini.

Ili kujua ni ipi, chimba mashimo 3 ya majaribio: moja palipokuwa na kina kirefu, moja palipokuwa na kina kifupi, moja ukingoni kabisa. Mita 1 hadi 1.2 inatosha kuona mengi, na asiingie mtu kwenye shimo lenye kina zaidi ya hapo kama kuta zake hazijashikiliwa. Angalia unachokitoa. Ukikuta vipande vya mbao, mizizi, mifuko, majani au nyasi zilizofukiwa, umeshapata sababu ya bonde la kesho, kwa maana vitu hivyo vinaoza na nafasi yake inabaki tupu. Ukikuta mapande ya zege yamelaliana na hewa katikati yake, hilo nalo ni bonde linalosubiri. Udongo mzuri huingia polepole kwenye matundu hayo kila mvua inaponyesha, na juu panazama pasipo onyo.

Bwawa la plastiki na bwawa la faibaglasi yana sheria yake. Karatasi ya plastiki lazima itoke yote, kwa sababu kipande kimoja tu kilicholala chini ni sakafu isiyopitisha maji. Ganda la faibaglasi likatwe vipande litolewe, na wakataji wavae barakoa za kuchuja vumbi pamoja na miwani. Mabwawa ya aina hizi mbili yana jambo jingine linalosahaulika sana: yalipojengwa, shimo lilichimbwa pana kuliko bwawa lenyewe, pengine kwa sentimita 60 hadi mita 1 kila upande, kisha pengo likajazwa mchanga au kokoto bila kushindiliwa. Pete hiyo ya udongo legevu haimo ndani ya bwawa, kwa hiyo wabomoaji hawaigusi, nayo ndiyo inayozama baadaye. Chukua nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 1.5, tembea ukizunguka nje ya ukingo wa zamani, na ichomeke kila baada ya mita 1. Panapozama kwa mkono bila kugongwa, weka alama. Pete hiyo ichimbwe na kujazwa upya pamoja na shimo kuu.

Umeme, gesi na mabomba

Hapa hatuna la kupamba. Saketi ya pampu na taa ikatwe kwenye kisanduku kikuu cha umeme na fundi mwenye leseni. Kukata waya pale bwawani na kuufunga kwa utepe wa umeme hakutoshi. Kuna pia waya wa shaba uliozunguka bwawa kwa ajili ya usalama wa umeme, na kijiko, yaani mashine ya kuchimba, kikiuvuta unaweza kuja na vitu vingine vilivyofungwa nao. Kama kulikuwa na hita ya gesi, laini yake ifungwe kuanzia kwenye chanzo. Kabla ya kuchimba popote, mamlaka za umeme, maji, gesi na simu ziombwe kuonyesha laini zao, na alama zake zipakwe rangi ardhini. Karo la maji taka na mitaro yake ya kunywesha maji ardhini vipigiwe mipaka ya vigingi na kamba. Roli lililojaa likipita juu ya mtaro huo mara moja tu, mabomba yake yanaweza kupasuka.

Mabomba ya bwawa yenyewe huwa hayatajwi. Yanalala kina cha sentimita 30 hadi 60, kutoka bwawani hadi mahali pa pampu, na mahali pa pampu mara nyingi ni karibu na nyumba. Bomba tupu lililoachwa ni mfereji wa siri. Maji yanayojikusanya kwenye shimo la zamani yanalifuata bomba hilo, na changarawe iliyolizunguka, hadi kwenye msingi. Lifukue na ulitoe. Pale ambapo haiwezekani, kwa mfano limepita chini ya baraza isiyobomolewa, jaza zege jepesi pande zote mbili hadi sentimita 30 ndani.

Kuta na sakafu zinazobaki

Kama bwawa linaondolewa nusu, kuta zivunjwe hadi angalau sentimita 60 chini ya usawa wa mwisho wa ardhi, na sisi tunapendelea 90. Ukuta ulioachwa sentimita 30 chini ya nyasi utaonekana kila kiangazi kama mstari mkavu, na kila masika kama ngazi ndogo, kwa sababu udongo wa pande zake mbili unazama wakati wenyewe haushuki. Kumbuka kuhesabu kutoka usawa wa mwisho, baada ya mteremko. Ukingo ulio upande wa chini wa ua unaweza kupoteza sentimita 20 za udongo wakati wa kuchonga, na ukuta uliodhaniwa umezikwa vizuri ukatokea karibu na uso.

Sakafu itobolewe. Kwa bwawa la mita 10 kwa 5 tunatoboa matundu 6 hadi 10, kila moja likiwa na upana wa sentimita 30 hadi 60, mengi yakiwa upande wa kina kirefu maana maji yanakimbilia huko. Tundu lipite zege lote hadi kwenye udongo, na nondo zake zikatwe. Kisha pima: mwaga maji hadi yafike sentimita 20 juu ya sakafu upande wa kina, rudi kesho yake. Kama yamekwisha au yamepungua sana, endelea. Kama yapo vilevile, udongo wa chini ni mfinyanzi mzito na matundu peke yake hayatakuokoa. Hapo dawa ni bomba lenye vitundu lililozungushiwa kokoto, litoke chini ya bwawa hadi sehemu ya ua iliyo chini zaidi, kama ipo. La sivyo, shimo la kusukumia maji kwa pampu. Ukikuta maji yanapanda kutoka kwenye matundu, usawa wa maji ya ardhini uko juu, na kazi hiyo ingoje kiangazi.

Hilo la maji ya ardhini linahusu pia siku ya kukausha bwawa. Bwawa tupu kwenye ardhi iliyojaa maji linaweza kusukumwa juu kama mtumbwi, likapasua baraza na mabomba. Kausha na utoboe siku hiyohiyo. Na maji yenye klorini yasielekezwe kwenye mtaro wa mvua unaoishia mtoni: acha klorini iishe au iondolewe kwa dawa yake, pima, kisha uyamwage mahali panaporuhusiwa. Maji ya bwawa la chumvi yasimwagwe kabisa kwenye udongo unaotegemea kuotesha nyasi.

Kifusi cha zege kikibaki ndani, kivunjwe vipande visivyozidi sentimita 30 na nondo zitolewe. Kitandazwe kwa tabaka, kila tabaka likimiminiwa mchanga au changarawe ndogo hadi matundu yajae, kisha lishindiliwe. Juu ya kifusi chote utandikwe kitambaa cha jiotekstaili, kinachopitisha maji na kuzuia udongo, vipande vikipishana sentimita 30, ili udongo wa juu usinyonywe kwenda chini. Kitambaa hiki ni kitu kidogo kwenye kazi nzima, na ndicho kinachoachwa mara nyingi kuliko vyote. Inasikitisha, kwa kuwa hakuna namna ya kukirudisha baadaye bila kuchimba upya.

Udongo wa kujazia: kiasi chake

Hesabu huwaangusha wengi hapa. Bwawa la mita 10 kwa 5 lenye wastani wa kina cha mita 1.5 lina ujazo wa mita za ujazo 75. Lakini likitolewa lote, na kuta na sakafu zina unene wa sentimita 20, shimo linakuwa mita 10.4 kwa 5.4 kwa 1.7, yaani karibu mita za ujazo 95. Halafu udongo uliomo kwenye roli umefura. Ukishindiliwa unapungua, na ili kujaza mita 95 zilizoshindiliwa unahitaji kati ya 119 na 124 za udongo legevu. Kwa roli la mita za ujazo 10 hizo ni safari 12 au 13. Aliyeagiza safari 8 kwa kuangalia vipimo vya maji ya bwawa atafika siku ya mwisho na shimo wazi, na hapo ndipo uchafu wowote ulioko uani unaposukumwa ndani ili kumaliza kazi.

Aina ya udongo nayo ina siri yake. Kila mtu atakuambia changarawe na mchanga hushindilika kwa urahisi, na ni kweli. Lakini ukijaza changarawe tupu kwenye shimo lililozungukwa na mfinyanzi, umejenga tangi. Maji ya mvua yanaingia haraka, kuta za mfinyanzi hazipitishi, nayo yanabaki humo hata kama bwawa lilitolewa lote. Tunapenda udongo wa kujazia ufanane na wa jirani, hasa mita 1 ya juu. Ikiwa chini kumewekwa changarawe, tunafunika kwa sentimita 30 hadi 45 za udongo mzito kidogo ulioshindiliwa kwa mteremko, ili maji mengi yateleze juu badala ya kuzama.

Udongo mweusi wenye rutuba usiingie shimoni hata toroli moja. Kabla ya kazi kuanza, udongo wa juu wa eneo lote litakaloguswa ukwanguliwe, kwa kawaida sentimita 10 hadi 15, urundikwe pembeni na kufunikwa turubai. Utauhitaji mwishoni, na kuununua mwingine wakati ulikuwa nao ni hasara isiyo na sababu.

Mpokee kila dereva wa roli kwa macho. Panda, angalia mzigo kabla haujamwagwa. Mzigo wenye visiki, plastiki au harufu ya mafuta urudi ulikotoka. Baada ya kumwagwa ni kazi bure kubishana.

Kushindilia

Kama kuna hatua moja ambayo tungeomba isiharakishwe, ni hii. Udongo umwagwe kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20 ukiwa legevu, kwa mashine ndogo za kusukuma kwa mkono. Mashine nzito zaidi inaweza kuhimili tabaka la sentimita 30. Tabaka la sentimita 20 likishindiliwa hubaki 15 au 16, kwa hiyo shimo la mita 2 linataka matabaka 13 au 14. Tumeona mashimo yaliyojazwa kwa mkupuo mmoja hadi juu, kisha roli likapitishwa mara kadhaa pale juu kama ushindiliaji. Mtikisiko ule haufiki chini. Sentimita 30 za juu zinakuwa ngumu kama barabara, chini yake ni pamba, na kila anayepita juu anadanganyika.

Mashine ifuate udongo. Mchanga na changarawe vinataka sahani inayotetemeka. Mfinyanzi unataka mashine ya kudunda au rola yenye meno, kwa sababu chembe zake hazipangiki kwa kutetemeshwa, zinataka kukandwa. Pembeni na kwenye kona, mahali ambapo rola haifiki, pita na mashine ya kudunda kila tabaka bila kuruka. Mstari wa kuzama karibu kila mara huanzia ukingoni, pale ambapo mwendesha rola alihofia kuugonga ukuta.

Unyevu ndio uamuzi wa kila saa. Chukua udongo kiganjani, ubane uwe donge, kisha uuachie udondoke kutoka usawa wa kifua. Ukivunjika vipande vichache, uko sawa. Ukisambaratika kuwa vumbi, mwagilia na uchanganye kabla ya kushindilia. Ukibaki donge zima au ukaacha ute kiganjani, uanike. Udongo mkavu unaonekana umeshikana, ila umeshikana kwa msuguano tu. Mvua ya kwanza ikiufikia, chembe zinateleza na kila kitu kinashuka kwa mkupuo. Udongo uliolowa sana nao unacheza chini ya mashine kama mpira, kwa kuwa maji yamejaa pale ambapo chembe zilipaswa kusogeleana.

Wengine hujaza shimo maji ili udongo ujishindilie. Kwa mchanga safi wenye pa kutokea maji, jambo hilo lina faida fulani. Kwa mfinyanzi ni kutengeneza uji utakaokauka kwa miezi.

Panapotakiwa uhakika, pima kwa kipimo cha Proctor, ambacho kimetokana na kazi ya mhandisi Mmarekani Ralph Proctor ya mwaka 1933. Maabara inachukua sampuli ya udongo wako, inakupa uzito mkubwa unaoweza kufikiwa na unyevu unaoufaa, kisha vipimo vya shimoni vinalinganishwa na uzito huo. Kwa bustani ya nyasi asilimia 90 ya uzito huo inatosha. Pakitarajiwa baraza, njia ya gari au kijumba, lenga 95, na upime tabaka baada ya tabaka wakati shimo bado liko wazi. Pasipo maabara, ile nondo ya milimita 12 inasaidia: mtu mzima akiegemea kwa uzito wake na ikaingia bila ubishi, tabaka hilo lirudiwe.

Mvua ikinyesha katikati ya kazi, piga pampu maji, kisha kwangua tope lote hadi ufikie udongo uliokaza. Tabaka la tope la sentimita 5 lililofunikwa kwa haraka linatosha kuharibu kila kilicho juu yake.

Kupima kabla ya kuchonga

Shimo likishafika usawa wa ardhi ya jirani, tunaweka vigingi. Chagua alama moja isiyosogea, kama kona ya kizingiti cha mlango, uiite sifuri. Piga gridi ya vigingi kila mita 3 juu ya ua wote, nje ya eneo la bwawa pia, kwani mteremko hauwezi kuishia kwenye mpaka wa shimo. Soma kimo cha kila kigingi kwa levo ya leza, au kwa mpira mwangavu uliojaa maji ikiwa ndio ulio nao. Mpira wa maji hauna aibu yoyote. Ukitolewa mapovu yote ya hewa unasoma kwa milimita.

Halafu hesabu. Karibu na nyumba, ardhi ishuke sentimita 15 katika mita 3 za kwanza, yaani asilimia 5. Baada ya hapo asilimia 2 inatosha kwa nyasi. Tuseme kutoka ukutani hadi mpakani ni mita 14: mita 3 za kwanza zinashusha sentimita 15, mita 11 zilizobaki zinashusha 22, jumla 37. Je, kimo hicho kipo? Kama vipimo vinaonyesha tofauti ya sentimita 25 tu, ukitoa zile 15 za karibu na nyumba unabaki na 10 kwa mita 11, pungufu ya asilimia 1, na nyasi zitayashika maji hayo. Usipunguze mteremko wa karibu na nyumba ili kulipia. Chonga mfereji mpana na wa kina kifupi unaokatiza ua, upana wa mita 1 hadi 1.5, kina cha sentimita 15 hadi 20, ukiteremka asilimia 1 hadi 2 kuelekea mahali halali pa kutokea maji. Ukipandwa nyasi hauonekani, na mashine ya kukatia inapita juu yake bila shida.

Mfereji huo usipite juu ya bwawa la zamani kama unaweza kuukwepa. Kupeleka maji ya ua mzima juu ya udongo uliojazwa ni kuuomba uzame. Na maji yasielekezwe kwa jirani. Hapo ugomvi wa kisheria ni suala la muda tu.

Kosa la vigingi linalojirudia ni kusahau unene wa udongo wa juu. Alama ya kigingi iwe mbili: usawa wa mwisho, na usawa wa kuchonga ambao uko chini ya huo kwa unene wa udongo utakaotandazwa, kawaida sentimita 10 hadi 15. Fundi akichonga hadi usawa wa mwisho kisha udongo wa rutuba ukaja juu, ukutani panapanda sentimita 15, udongo unafikia tabaka la kuzuia unyevu lililo ndani ya ukuta, na nyumba inaanza kunyonya maji kutoka chini. Udongo uliokamilika ubaki angalau sentimita 15 chini ya mahali ambapo plasta au mbao za ukuta zinaanzia.

Miti ina kauli yake katika vipimo hivi. Usirundike udongo kwenye shina; ile sehemu ya chini inayopanuka kabla ya mizizi ibaki wazi. Weka uzio wa muda chini ya ukingo wa matawi kabla mashine hazijaingia, na mteremko uupitie mti kando hata ikibidi kupinda mstari.

Pale mashine zilipopita

Kati ya geti na bwawa kuna njia ambayo kijiko na maroli yamepita mara ishirini au zaidi. Hapo ardhi imeshindiliwa bila kukusudiwa, na huzaa tatizo la kinyume: shimo linakunywa maji, njia inayakataa. Baraza ikibomolewa, kitako chake cha kokoto kiondolewe chote na udongo wa chini uchimbuliwe kwa meno ya kijiko hadi sentimita 20. Njia ya maroli vivyo hivyo, hata hadi 30. Kulaza mbao nene au mikeka ya mashine tangu siku ya kwanza kunapunguza sana kazi hii.

Sasa ndipo uchonge, ukikaribia alama za vigingi kwa sentimita 3 juu au chini. Palipokuwa na bwawa tunaacha mgongo mdogo wa sentimita 5 hadi 8 katikati, ukififia kuelekea kingo. Mgongo huo unalipia mshuko mdogo uliobaki. Haulipii ushindiliaji mbovu: shimo la mita 2 lililojazwa ovyo linaweza kushuka sentimita 20, na mgongo wa kufunika hilo ungeonekana kama kaburi uani.

Kabla ya kurudisha udongo wa juu, kwaruza uso uliochongwa kwa kina cha sentimita 5 hadi 10 ili tabaka mbili zishikane. Zisiposhikana, mizizi hugeukia kando na maji huteleza katikati yake. Udongo utandazwe ukiwa mkavu kiasi, kwa kusukumwa kutoka pembeni, na ushindiliwe kwa rola nyepesi ya mkono pekee. Ua wa mita za mraba 200 kwa unene wa sentimita 15 unataka mita za ujazo 30. Panda nyasi mara moja, na upande wa chini weka uzio wa kitambaa wa kuzuia udongo usichukuliwe na mvua hadi mizizi ishike.

Baraza mpya, vigae au njia ya zege vingoje mvua za msimu mmoja kamili. Tunaacha nondo fupi 4 juu ya eneo la bwawa na 1 nje yake, kila moja ikiwa imefungwa kwenye kipande cha zege sentimita 30 chini ya uso, na vimo vyake vinasomwa kila mwezi kutoka alama ileile ya sifuri. Nondo za ndani zikishuka kuliko ya nje, msingi wowote usubiri. Zikikaa pamoja hadi mvua ziishe, kazi ya juu inaweza kuanza.

Jambo la mwisho tunalolifanya ni mchoro: umbali wa kila kona ya bwawa kutoka kona mbili za nyumba, kina cha kila upande, ni nini kilichobaki chini, aina ya udongo uliojazwa, majibu ya vipimo kwa kila tabaka, na picha za shimo likiwa tupu. Nakala moja inakaa na hati za nyumba.